Sahani ya Robi

Nyamwaga

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba. Shikamoo yako niliisoma mara mbili. Huku tu wazima. Babu yako anakohoa ila bado anagombana na ng'ombe wake.

Unauliza kama ni haki ninyi wa kamati ya wanafunzi kupendekeza wa kidato cha nne peke yao kwa tuzo ya uongozi. Nitakujibu kwa aibu yangu.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa kiranja wa maji, kwa jina tu. Aliyesimamia foleni ya ndoo kisimani kila asubuhi, wakubwa wasichomekee, alikuwa Robi wa darasa la nne. Siku ya tuzo mwalimu alinitaja mimi, kisha akauliza, "Kuna mwingine anayestahili?" Darasa la nne wakanyamaza wote. Unatujua Wakurya, mdogo hasemi mbele ya mkubwa. Nami mkubwa nikanyamaza, nikapokea sahani ya bati. Robi alinipigia makofi.

Desturi ile siilaumu. Lakini ikimfunga mdogo mdomo, mkubwa ndiye anayepaswa kufungua wake. Kwa hiyo simama kwenye kikao, uwataje kwa majina wa kidato cha kwanza na cha pili wanaostahili. Wenzako wakinuna, waache wanune.

Sahani ile ninayo, na sijawahi kulia ugali humo. Jumamosi napanda gari kumpelekea Robi, ameolewa Kerende. Wewe usingoje mpaka uwe bibi.

Ni mimi, bibi yako Nyangi