Ng'ombe Wamesingiziwa, Bwawa Nimelivuruga Mimi

Mpendwa mshauri wetu Bi Swaumu, shikamoo. Naomba msaada, na naomba jina langu lisitoke gazetini, maana hapa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, ninapouza nguo za kuogelea na maboya ya kujaza upepo kila mtu ananijua, na wengi wao Jumapili huwa nawapeleka mimi mwenyewe kuogelea Mto Kilondo, upande wa Kisarawe, mto unaotoka kwenye chemchemi, maji yake baridi na safi hivi kwamba ukizama mpaka kifuani bado unahesabu vidole vya miguu. Tulikuwa tunaenda wengi mno, mama, kingo zikaporomoka, matete yakaisha, perege wakatoweka, ndipo wanakijiji na sisi wa mjini tukaunda kamati ya kuuponya mto, na kwa kuwa najua kuongea wakanichagua mwenyekiti. Mimi ndiye niliyetoa hoja kwamba bwawa la juu, pale chemchemi inapochomoza, lizungushiwe uzio na asiingie mtu mpaka ipite misimu miwili ya mvua, watu waogelee chini tu, kwenye changarawe. Nilipigiwa makofi. Ufunguo wa geti nikakabidhiwa.

Sasa kuna dada anaitwa Nasreen, ana duka la vitambaa Mchafukoge, moyoni nimeshamposa ila mdomoni bado. Mwezi uliopita alikubali kuja na rafiki zake, akaangalia kule chini watu wanavyorushiana maji, akasema, "Yaani niingie hapa? Wewe si ndiye mkubwa wa huu mto?" Mama, ningejibu nini? Nikafungua geti. Tukaogelea mpaka alasiri, tukawa tunaruka kutoka ukingoni mpaka ukingo wenyewe ukakatika, na matete waliyoyapanda kina mama wa kijiji kwa siku nne tukayakanyaga yote, nami nimevaa fulana ya kamati imeandikwa "Tuuache Mto Upumue".

Jumapili iliyofuata Winifrida, mama anayesimamia kitalu cha miche, alikaa kwenye tope akalia. Watu wakasema hao ni ng'ombe wa Mzee Zahoro, mfugaji wa jirani. Mzee akainama, akagusa alama kwenye tope. "Mwenyekiti," akasema, "ng'ombe wangu wameanza lini kuvaa kandambili?" Nikamjibu, "Tutachunguza, mzee." Na uchunguzi nimepewa mimi. Jumapili hii kamati inakaa kumzuia asinyweshe mifugo yake mtoni, na hana maji mengine ya karibu. Moyo unaniuma. Lakini nafikiria pia, nikisema ukweli watu watakata tamaa, kamati itavunjika, mto utaumia zaidi, sasa je, si bora ninyamaze kwa faida ya mazingira?

Mimi, Mwenyekiti.

BI SWAUMU ANAJIBU

Mwenyekiti, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa natafuta mahali ulipomhurumia Mzee Zahoro kabla ya kujihurumia mwenyewe, nikaambulia patupu. Kutaka kumfurahisha mwanamke si dhambi, baba, hata mimi nimewahi kufurahishwa. Ila mto unaupenda kama mchwa anavyoupenda mlango. Na mazingira hayakukutuma uyasemee uongo.

Kwa kuwa gazeti hutoka Jumanne na kikao chenu kilikuwa Jumapili, sikusubiri, nilikupigia kwa namba uliyoiandika chini ya barua. Nikakuambia uende nyumbani kwa mzee kabla ya kikao, uvue viatu mlangoni, useme "nimekosa", na hapo hapo uweke nukta. Ukaniuliza kama ujumbe wa simu hautoshi. Nikakuambia jibu unalo.

Jana ukanipigia wewe. Mzee alikukaribisha mkekani, akakusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hapa nimesikia mimi na mke wangu. Walionisingizia walikuwa watu arobaini." Basi ukasimama kikaoni, ukasema mbele ya wote arobaini. Winifrida hakukutazama. Uenyekiti umeondoka, na kamati uliyoogopa itavunjika ilichukua dakika tano kumchagua Winifrida. Mzee anaendelea kunywesha ng'ombe wake. Na lililokushangaza ni Nasreen, ambaye hukumwalika. Alitoka nyuma, akasema na yeye aliingia kule, akauliza majembe yako wapi.

Sasa nisikilize. Usiache kuwapeleka watu wa Kariakoo mtoni. Mtu anayeshinda wiki nzima kwenye joto na vumbi la maduka anastahili maji baridi, na mto usiozoewa na watu hakuna atakayeulilia. Lakini wapeleke kumi kumi, chini kwenye changarawe, kurukia majini marufuku, na kabla hajalowa kila mmoja apande matete yake kwa maelekezo ya kina mama. Wewe uwe wa kwanza kuingia topeni, na usitoe hotuba. Bwawa la juu uliache mpaka perege warudi kutaga. Wao ndio watakaotangaza kwamba limepona.

Kisha watafute wazee wako, uwatume kwa kina Nasreen mchana kweupe, wapitie mlango wa mbele. Mwanamke aliyesimama kikaoni bila kusukumwa na mtu hatakaa dukani anasubiri ujifunze kusema.