Siku Niliyosimamisha Gitaa Homa Bay

Jumatatu, Homa Bay, 1996. Mvua imenyesha alfajiri ikaacha. Sasa jua linawaka ziwani mpaka macho yanauma.

Daftari, kaa vizuri nikuambie. Kuanzia daraja la Migori hadi gati ya Homa Bay, hakuna mdomo kama huu wangu. Juzi Jumamosi niliufungua mara moja tu, na mpiga besi akasahau nyuzi zake, mwenye bucha akaacha kisu ndani ya nyama, na ndege wa ziwani wakatua juu ya paa la baa ili wasikie vizuri. Usicheke. Ndege nimewaongeza mimi, lakini mwenye bucha ni kweli, muulize.

Nimepata kazi!

Kazi ya kuongea, bana. Ile kitu mwalimu wa darasa la saba alikuwa ananichapia, sasa nalishwa kwa ajili yake. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tulikubaliana tu. Leo nimeamka kwenye nyumba ya bendi, nimekunywa chai ya maziwa na mandazi mawili, na mtu wa ngoma ameniita "msemaji" mbele ya watu. Msemaji! Nikajifanya sikusikia ili arudie.

Lakini ngoja nianze mwanzo, nisikuchanganye.

Kule Osiri, kwetu Suna, mimi ni mtu wa kamba. Wenzangu wanashuka shimoni kutafuta dhahabu, mimi nabaki juu nazungusha gogo linalopandisha ndoo ya mawe. Ndoo ikichelewa, nainama mdomoni mwa shimo na kujisifu, kwa sababu shimo lina sauti tamu, linakurudishia maneno yakiwa manene kuliko ulivyoyatuma. "Mimi ni Odhiambo! Simba wa Suna!" Na kutoka huko chini Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba yangu, ambaye ndiye mkubwa wa kikundi chetu, ananijibu: "Simba, teremsha ndoo!"

Basi huo ndio ulikuwa ukumbi wangu. Watu watano chini ya ardhi, na hawana pa kukimbilia.

Mwezi uliopita bendi ya Jaduong' Ombogo, yaani Mzee Ombogo, ikaja kupiga Suna. Kwa bendi kama hiyo kuna pakruok. Mtu anasimama, muziki unanyamaza, anaweka kitu kwenye karai la bendi, halafu anajisifu mpaka atosheke. Anasema yeye ni nani, kwao ni wapi, mama yake ni binti wa wapi, marafiki zake ni wakali namna gani. Akimaliza, gitaa linaingia na watu wanaruka. Mimi sikuwa na shilingi hata ya kudanganyia. Nikaweka jiwe.

"Hili ni jiwe la Osiri," nikasema. "Dhahabu iko ndani. Mkiosha mtaniletea chenji."

Watu walicheka hadi mmoja akamwaga pombe yake. Jaduong' Ombogo hakucheka. Alichukua lile jiwe, akaligeuza, akalitia mfukoni mwa koti. Wakati wa kufunga vyombo akaniita.

"Kijana, umelipa bendi yangu kwa jiwe."

"Ndiyo, Jaduong'."

"Msemaji wangu amepata kazi Mombasa. Njoo Homa Bay Jumamosi, ile ya mwisho wa mwezi. Watu wakikupenda, unasafiri na sisi. Wasipokupenda, utabeba spika mpaka jiwe lilipike."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinuka inchi moja kutoka ardhini. Na asubuhi nilipoamka, Daftari, nilikuwa naogopa.

Hii usimwambie mtu. Mdomo wangu ni wa simba, tumbo langu ni la kuku. Kuweka jiwe ilikuwa mzaha, ningeshindwa ningesema nilikuwa natania. Lakini kwenda Homa Bay kwa makusudi, nimeoga, nimetoka kwetu nikisema naenda kushinda, hapo hakuna pa kujificha. Ukianguka, umeanguka na nguo zako safi.

Tena kulikuwa na mambo ya shimo. Kikundi chetu kina sheria moja. Siku mwamba wenye dhahabu ukipatikana, mawe yanagawanywa kwa waliokuwepo kazini siku hiyo. Hukuwepo, huna gunia, hata kama umezungusha gogo tangu mwaka uanze. Na wiki ya safari mawe yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Kila mtu alikuwa anatembea polepole kama anayebeba mayai.

"Mwamba uko karibu, nausikia kwenye sururu," Baba mdogo akaniambia Ijumaa. "Na wewe unaenda kupiga kelele Homa Bay?"

"Jumapili narudi, Baba."

"Mwamba haujui Jumapili. Ukienda, usije kuniuliza gunia."

Wenzangu wakapata la kuongea. Otieno, yule mrefu ambaye shimoni lazima ajikunje kama nguo ya mtumba, akasema, "Omera, ndugu yangu, wacha aende. Huko Homa Bay kuna samaki, labda hao watavumilia kumsikiliza." Nilimjibu, lakini jibu lenyewe haliwezi kuandikwa.

Nilikuwa nangoja uoga uishe ndipo niende. Ijumaa jioni ukawa bado uko, tena umeongezeka. Nikaona huu hauishi. Nikaamua twende wote wawili, mimi na uoga, na huko mbele tutajuana.

Aliyenisukuma kabisa ni Mama.

Mama anagonga mawe hapo hapo Osiri. Anakaa chini na wanawake wenzake, nyundo mkononi, anavunja mawe ya watu yawe kokoto ndogo kabla hayajasagwa. Kidole gumba chake cha kushoto kimefungwa kitambaa tangu nikiwa mtoto. Si kitambaa kimoja, lakini hicho kidole sijawahi kukiona kikiwa uchi. Watu wanamwita Nyar Karungu, yaani binti wa Karungu, kwa maana ndiko alikozaliwa, na ndivyo tunavyowaita wanawake walioolewa kwetu.

Nilimwambia habari za gunia nikitegemea anikataze. Nikuambie ukweli, nilitaka anikataze, nipate sababu. Yeye akaendelea kugonga. Kisha akasema, "Nenda."

"Na mwamba ukitoka?"

"Utatoka. Mawe ya watu nimegonga miaka yote, bado naishi. Nenda." Akapuliza vumbi kwenye nyundo. "Lakini ukishika hiyo maiki, nitaje. Mara moja tu. Sijawahi kusikia jina langu likitoka kwenye spika."

"Mama, nitakutaja mpaka ndugu zako Karungu watoke nje kuangalia nani anaita."

Alicheka, akaninyooshea nyundo. Na Jumamosi asubuhi nikamkuta amesugua miguu kwa jiwe, amefunga kile kilemba chake cha njano cha kanisani, anangoja barabarani kabla yangu. Omondi, dereva wa lori la soda, alitupakia. Mama mbele kama mke wa chifu, mimi nyuma juu ya kreti, nikifanya mazoezi mbele ya chupa tupu. Hazikupiga makofi, lakini hazikuondoka.

Sasa Homa Bay, Daftari!

Uwanja ulikuwa nyuma ya baa, pale unaona ziwa katikati ya nyumba mbili. Jenereta inanguruma, spika ni kubwa kama kabati. Na watu si kama wa Osiri. Kuna makarani wenye tai, kuna walimu, kuna wamama wenye maduka yao. Mmoja wa tai alisimama kujisifu, akasema yeye ni mwana wa mwenye trekta, ndugu yake anasoma India, na mama yake amejengewa nyumba ya mawe. Watu wakamshangilia sana. Mama alikuwa amekaa juu ya kreti karibu kabisa na spika, mikono mapajani, anaangalia kila kitu kama mtu aliyenunua tiketi.



Jaduong' Ombogo akanisogelea. "Anayewasifu watu, kwanza ajitangaze yeye mwenyewe, wamjue," akasema. "Usiniletee jiwe leo." Akainua mkono. Gitaa likanyamaza.

Kimya hicho, wewe! Kule shimoni ukinyamaza unasikia maji yakidondoka. Hapa nilisikia jenereta na moyo wangu, na sikujua ni kipi kinachotumia mafuta. Nikaishika maiki. Ilikuwa ya moto kwa mkono wa aliyenitangulia. Nikafikiria shimo. Nikajiambia hawa wote wako chini, wewe uko juu, kamba umeshika wewe.

Nikafungua mdomo.

"Mimi ni Odhiambo! Mfupi wa kimo, mrefu wa habari! Kijana wa Osiri anayelala juu ya dhahabu na kuamka anadaiwa sabuni! Wasichana wa Suna wakiniona wanajificha, na wasiponiona wanauliza nimeenda wapi! Mimi ni mvua ya mchana, ukiiona imeshakulowesha!"

Kelele! Mwenye tai alikuwa amesimama juu ya kiti. Mama mmoja wa duka alivua kiatu akakipunga hewani. Nikajitangaza mpaka mwisho, nikapiga mguu chini, gitaa likaingia, na hiyo besi ikanipanda kutoka kwenye nyayo hadi kwenye meno. Baada ya hapo sikumbuki kuogopa. Mtu akija kujisifu neno moja, mimi namwongezea matatu. Kuna mzee mmoja nilimsifia kofia yake mpaka akakataa kuivua.

Kumbe uoga uliniacha bila hata kuaga. Niliutafuta katikati ya wimbo wa tatu, haukuwepo.

Jua lilipoanza kushuka Jaduong' Ombogo akatoa kitu mfukoni mwa koti, akanipa. Lile jiwe langu. "Deni limeisha," akasema. "Jumatano tunaenda Rongo. Tafuta shati lenye vifungo vyote."

Hivyo tu. Mimi nilitaka kulia na kurukaruka, nikaishia kusema, "Sawa, Jaduong'," kama mtu anayeajiriwa kila wiki.

Omondi alikuwa anapiga honi, lori linarudi Migori. Nikakimbia kumuaga Mama. Alikuwa ameshapanda mbele.

"Umeongea vizuri," akasema.

"Umesikia lakini?"

"Nimesikia. Spika yao ina nguvu."

Akanyoosha kilemba, akanishika shavu kwa ule mkono wenye kitambaa, wakaondoka. Mimi nikarudi kucheza.

Sasa leo. Omondi amekuja na soda nyingine, amenikuta hapa nje nikikuandika. Amecheka kabla hajazima injini.

"Msemaji! Shimo lenu limetema!"

"Lini?"

"Jumamosi hiyo hiyo, kama saa nane. Otieno ana magunia mawili, anatembea ameinua shingo, sasa ni mrefu kuliko nguzo ya stima."

Nilicheka, Daftari, na nilicheka kweli. Saa nane nilikuwa nimeshika maiki. Ukinipa tena ile Jumamosi, gunia hapa na maiki pale, naenda kwa maiki hata bila viatu. Hilo usiniandikie kama hasara. Sijapoteza kitu huko.

Halafu Omondi, akishusha kreti, akasema, "Mama yako leo anagonga hayo hayo mawe ya kina Otieno. Lakini ana raha! Amewaambia wanawake wote pale. Anasema ulisimamisha gitaa, ukaita Nyar Karungu, watu wote wakasimama kumwangalia. Mimi nilikuwa nahesabu chupa, nikakosa. Ilikuwaje?"

Nikamwambia ilikuwa nzuri.

Haikuwa. Nilisema nilijitangaza mpaka mwisho, sasa nikuandikie huo mwisho ulivyokuwa. Nilifika pale pa kusema mimi ni mwana wa nani. Nikavuta pumzi, nikasema, "Mwana wa..." na nikamwona Mama. Alikuwa ameinua mkono kugusa kilemba, ameketi wima, tayari. Na nyuma yake nikamwona mwenye tai, yule wa trekta na nyumba ya mawe, anangoja asikie. Nikaona kidole chenye kitambaa. Nikajua mtu atauliza, Nyar Karungu ni nani, na mwingine atajibu, si huyo hapo, mgonga mawe.

Nikasema, "Mwana wa mwenye shimo! Shimo linaloilisha Nairobi dhahabu!"

Hapo ndipo watu walipiga kelele kubwa kuliko zote. Mkono wake ukashuka, ukarudi mapajani.

Nimekuambia uoga uliniacha katikati ya wimbo wa tatu. Ulikuwa umeshamaliza kazi yake kabla wimbo wa kwanza haujaanza. Na sasa yeye amekaa huko Osiri na nyundo, anawaeleza wenzake jinsi nilivyomtaja, na mimi ndiye mtu wa pekee anayejua kwamba sikumtaja. Mimi na yeye.