Ndoo Niliyoifunua kwa Bidii

Nyumbani, nyuma ya duka la cherehani,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Kabla ya yote nakujulia hali. Goti lako linaendeleaje? Mama alituambia kwamba bado linakusumbua, na jirani yetu kinyozi aliposikia akasema ni ajabu fundi wa lifti kuumwa goti kwa kupanda ngazi. Nilimweleza kwamba lifti nzima haimwiti fundi, kwa hiyo wewe kila unapoitwa ni ngazi tu. Alifikiri kidogo, akakubali. Pole sana, Mjomba. Mkaza-mjomba hajambo? Na binamu yangu, bado anaogopa baiskeli?

Sisi huku hatujambo. Mama ana mafua kidogo, si ya kulala kitandani. Baba anashona sare za shule, maana muhula mpya haujawahi kumngoja fundi. Mimi nilikuwa wa tatu darasani, na katika sayansi nilikuwa wa kwanza. Hilo la sayansi nitalirudia, kwa sababu ndilo lililoniponza.

Kifurushi chako kilifika mwezi wa tatu, na shukrani hazikuja. Tafadhali usidhani tulikipokea kwa mkono mmoja. Nataka kukueleza kilichotokea, kila jambo mahali pake, ingawa mahali pengine ningependa kuparuka.

Najua wewe na Baba hamkuwa mkizungumza tangu Bibi alipozikwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, lakini nilisikia alivyokuambia kwenye simu, uliposhindwa kuja kumzika mama yako. Alisema umbali wako si wa njia, ni wa moyo. Alipokata simu aliendelea kuitazama kama mtu aliyekata kitambaa cha mteja mahali pasipo alama. Tangu siku hiyo, mwaka wa tatu sasa, salamu zenu zimekuwa zikipita kwa Mama, kama maji yanayopita kwenye mpira wenye mkunjo.

Kwa hiyo kifurushi kilipofika, Mama ndiye aliyekifungua. Kulikuwa na mfuko wa kimea cha shayiri kilichokwisha kuvunjwavunjwa, maua makavu ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu, yaliyobanwa kama vidonge vya kijani, pakiti ndogo ya hamira, kipimajoto, dawa ya kuoshea vyombo, mpira mwembamba wa kutolea hewa, na karatasi zako za maagizo ya kutengeneza bia nyumbani kwa sufuria moja. Macho ya Baba yanaona uzi, hayaoni mwandiko, ndiyo maana mimi ndiye msomaji wa nyumba hii na Mama huniita Karani. Nilisoma. Nilipofika pale ulipoandika, "Mfuko wa kuchujia huku unauzwa, lakini sikununua, kwa sababu mimi nina fundi," Baba aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Mjomba, ungeuona mfuko ule! Aliushona siku tatu, na wateja wakangoja. Alichagua kitambaa chepesi cha pazia, kile ambacho ukikishika mbele ya uso unaona dirisha ng'ambo yake. Aliipima sufuria yetu kubwa kwa tepu, akaniambia niandike kwenye kitabu cha wateja: Bibi Sufuria, kiuno sentimita 113. Mishono yote aliikunja mara mbili, ukingoni akapitisha kamba ya kukazia, na pembeni akaweka vishikio vinne vya kunyanyulia. Mama alimwuliza kama Bibi Sufuria angependa na mifuko ya kutia mikono. Sikuwa nimemsikia Baba akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Tulipika Jumapili, uani. Maji yalikuwa lita kumi na sita. Baba aliyapima kwa chupa ya lita moja, kisha akafunga uzi mwekundu kwenye mwiko mahali maji yalipofika. Kazi yangu ilikuwa kipimajoto. Maji yalipofika nyuzi sabini na moja tuliuvisha mfuko mdomo wa sufuria, Baba akamimina kimea polepole na Mama akakoroga ili kisifanye madonge. Joto likatulia kwenye sitini na saba, kama ulivyotaka. Tukazima moto.

Uliandika tuifunike sufuria isipoteze joto kwa saa nzima, na blanketi zote zilikuwa zimefuliwa, bado mbichi kwenye kamba. Baba akaleta koti zito la mteja ambaye hakurudi kulichukua tangu mwaka juzi. Akaivalisha sufuria, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Kinyozi alichungulia juu ya ukuta, akaona umbo limekaa uani na koti lake, akasema, "Shikamoo, mzee! Mbona hukaribishwi kiti?"

Baada ya saa moja Baba na Mama waliunyanyua mfuko. Ulikuwa mzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala, na maji ya rangi ya chai yakatiririka kutoka kila upande. Baba hakuyatazama maji. Alikuwa akitazama mishono. Haikuachia hata uzi mmoja. Tuliuweka juu ya wavu wa jiko, tukaukamua kwa sahani mpaka machicha yakabaki yamekauka. Yale maji niliyaonja kwa kijiko, Mama aliruhusu, kwa kuwa bado hayakuwa bia. Ni matamu, Mjomba, matamu ya nafaka, si ya sukari.

Tuliyachemsha saa moja, hopi nyingine mwanzoni na nyingine dakika kumi za mwisho. Tukaipoza sufuria ndani ya karai la kufulia, tukibadilisha maji mara nne. Ndoo niliiosha mimi kwa dawa uliyotuma, pamoja na mfuniko na ule mpira mwembamba unaotoa hewa. Kwenye nyuzi ishirini na tatu tukayamimina ndani ya ndoo, Baba akanyunyiza hamira. Tukafunika, tukaiweka ndoo kwenye kona ya stoo. Nikasoma mstari wako wa mwisho kwa sauti, mbele yao wote wawili: "Msifunue siku kumi na nne, hata mkisikia inawaita."

Baba aliitikia kama mtu aliyekula kiapo. Siku hizo zote hakuigusa ndoo. Akitaka kuchukua kitu kwenye kona ile ya stoo, alipita kwa upande.

Mimi niliifunua, Mjomba. Niliifunua kila siku.

Sikuifunua kwa utundu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha kwamba kiumbe hai hakijulikani kwa kusimuliwa, kinajulikana kwa kutazamwa kila siku na kuandikwa. Hamira ni hai. Nilipiga mistari kwenye daftari: tarehe, joto, urefu wa povu, harufu. Kila nilipotoka shule, Baba akiwa dukani, niliufungua mfuniko, nikatia kipimajoto, nikasimamisha rula karibu na povu. Mstari wako niliukumbuka. Nilijiambia kwamba umeandikiwa watu wasiojua, na mimi nilikuwa mwangalifu. Kipimajoto nilikiosha kwa maji yaliyochemka. Siku ya sita nilichelewa, nikakifuta kwa pindo la sketi.

Siku ya tisa niliona ngozi nyeupe juu ya bia, nyembamba, yenye mikunjo. Niliandika kwenye daftari, "Ngozi nyeupe, harufu kali." Nikaufunga mfuniko, nikaenda kula. Ningeweza kusema siku ile. Kila siku iliyofuata ilifanya siku ya kusema iwe ngumu zaidi.

Siku ya kujaza chupa Baba alinusa, akasema labda ndivyo inavyokuwa ikiwa changa. Nilikuwa nimeshika mpira wa kumiminia, karibu naye kabisa. Sikusema.

Wiki mbili baadaye alifungua chupa ya kwanza. Alivaa shati lake alilolipiga pasi mwenyewe, akamwita kinyozi, akaweka glasi nne mezani, ingawa wanywaji walikuwa watatu. Mama alimwuliza ya nne ni ya nani. Alisema, "Iache tu hapo." Akaijaza nusu.

Ilikuwa siki, Mjomba. Mama alikunja uso. Kinyozi akameza, akapepesa macho, akasema, "Fundi, sasa hii ni ya kunywa au ya kufutia vioo?" Baba alicheka naye. Kisha akaacha kucheka, akaitazama ile glasi ya nne. Akasema, "Ametuma hamira mbovu. Alitaka nihangaike siku zote hizi, halafu nichekwe." Mama alisema ndugu yake hana moyo huo. Baba akajibu kwamba moyo wake hatuuoni, uko mbali.

Alizimwaga chupa zote uani. Mfuko aliuosha, akaukausha, akaujaza vipande vya nguo vinavyobaki mezani, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa duka. Naupita kila asubuhi nikienda shule.

Jumapili tatu umepiga simu na umeambiwa Baba ametoka. Wa kwanza kukuambia hivyo nilikuwa mimi, kwa kuwa alinionyesha kwa mkono. Hakuwa ametoka. Alikuwa akitia uzi kwenye sindano, hatua tatu kutoka kwenye simu, na uzi ulikataa kuingia mpaka ulipokatika.

Hamira yako haikuwa mbovu. Mshono wa Baba haukuwa na kosa. Ninyi wawili kila mmoja alifanya sehemu yake kwa ukamilifu, nami niliyesoma maagizo kwa sauti ndiye niliyeyavunja. Naomba unisamehe. Nakuomba pia usimhesabie Baba maneno yale, kwa sababu aliyasema kwa kutojua, na anayejua alikuwa amekaa pale pale akinyamaza.

Nilikusudia kuishia hapa na kuitia barua kwenye bahasha. Lakini nimeona siwezi kukuomba radhi wewe uliye mbali na kumruka aliye chumba cha pili. Nitampelekea kwanza.

*

Jumatatu, tarehe 16.

Naendelea, Mjomba.

Jana asubuhi nilimpelekea Baba barua hii dukani. Alikuwa anachora chaki kwenye kitambaa cha sare. Aliishika kwa mbali, akaisogeza karibu, akanirudishia. "Karani, nisomee."

Sikuwa nimefikiria hilo. Niliposahau kwamba Baba hasomi mwandiko, labda nilitaka kusahau. Nilisimama ng'ambo ya meza, nikasoma yote, kuanzia goti lako. Kwenye koti la uani alitabasamu kidogo. Kwenye ngozi nyeupe aliweka chaki chini. Nilipofika kwenye simu na uzi uliokatika, aliniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena.

Kisha akauliza, "Siku ya tisa uliona?"

Nikasema niliona.

"Ukanyamaza."

Nikasema nilinyamaza, nikaanza kulia. Nilingoja anigombeze. Nadhani ingekuwa nafuu. Alichukua chaki tena, akaitazama, akasema, "Na mimi je? Mwaka wa tatu huu."

Aliniambia nikanawe uso, na kwamba daftari la sayansi nisilichane, kwa sababu kazi iliyoandikwa vizuri haichanwi hata kama imeandika kosa. Bado sijui kama amenisamehe au ameahirisha. Mchana aliniita Karani kama kawaida, lakini Mama aliponitania kwamba niende nikachungulie sufuria ya wali, hakucheka.

Jioni nilipotoka kuanua nguo, nilikuta mfuko haupo nyuma ya mlango. Vipande vya nguo vilikuwa vimerundikwa chini ya meza. Mfuko ulikuwa kwenye kamba, umefuliwa, unachuruzika maji, na mwanga wa jioni ulikuwa unapita ndani yake mpaka mishono ikaonekana mmoja mmoja. Mwiko ulikuwa juu ya karai umeoshwa, na uzi mwekundu upo.

Nisalimie sana mkaza-mjomba. Mwambie binamu yangu kwamba baiskeli haina hasira, inataka tu isitazamwe sana gurudumu la mbele. Mama anakusalimu, anasema ujifunge goti kwa kitambaa cha moto kila unaporudi kazini. Kinyozi naye anakusalimu, ingawa hamjuani. Anasema anajuana na hamira yako. Mungu akulinde kwenye ngazi zote, akurudishe nyumbani ukiwa mzima, na akupe moyo wa kuisoma barua hii hadi mwisho bila kunikasirikia zaidi ya ninavyostahili.

Ni mimi mpwa wako, nikupendaye na ninayekuomba radhi,

Karani.

Baba ameniomba nimwandikie haya chini. Nayaandika kama alivyoyasema, sikuongeza wala sikupunguza:

Shemeji, pole kwa goti. Pole kwa mama yetu, sikuwahi kukupa. Mfuko haukuachia hata uzi mmoja. Tuma hamira nyingine. Mfuniko nitaukalia mwenyewe. Jumapili piga. Sijatoka.