Mkono Chini ya Kichwa

Jumatatu, 6 Mei

Mungu wangu, siku gani hii. Baba watoto kaletwa hospitali na wenzake wa shambani. Pampu ya dawa ya wadudu ilimpasukia mgongoni, naye akamalizia mstari wa nyanya hivyo hivyo, shati limelowa — asije akaitwa mvivu! Nimemkuta mate yanamtiririka, jasho chapachapa, mboni za macho zimesinyaa kama ncha ya sindano. Wanamdunga tu. Mimi naomba.

Jumatano, 8 Mei

Asante Mola! Mate yamekoma, anaongea, anatania — eti sasa hata mbu watamwogopa. Wifi yangu, dada yake, kaja kabisa na nguo za kurudia nyumbani. Daktari kasema bado. Sumu hii ina vituko, huaga mlango wa mbele ikarudi kwa wa nyuma. Nesi kila akipita humwambia ainue kichwa kwenye mto. Mchezo gani huo? Namsaidia kidogo kwa mkono, asihangaike.

Alhamisi, 9 Mei

Chai imemwagikia shingoni. Kichwa kizito leo, namnyanyua mimi. Wifi kacheka: anadeka huyo, unamlea kama kitoto kichanga. Nami nikacheka. Lakini sauti yake imekuwa ndogo. Tulipokuwa tunasali alinyamaza katikati, akitafuta pumzi.

Jioni nesi kamwambia tena ainue kichwa. Nikapeleka mkono.

“Mama, toa mkono,” nesi akaniambia.

Nikautoa. Kichwa hakikubanduka. Vidole anavichezesha, macho ananikodolea — shingo ndiyo haina nguvu. Nesi akatoka mbio.

Ijumaa, 10 Mei

Mashine inampumulia. Daktari kanieleza taratibu: kuna wanaoonekana wamepona, kisha sumu inalegeza shingo — ndicho nesi alichokuwa akikipima — halafu misuli ya kupumulia. Huenda akakaa kwenye mashine siku kadhaa, huenda majuma. Nikamuuliza, ningetoa mkono mapema je? Kasema tumewahi. Sijui ni kweli au kanionea huruma.

Wanasema anasikia kila kitu. Wifi kasimama mlangoni na zile nguo. Nimeanza dua yetu, nikanyamaza pale anapoitikiaga yeye. Mashine ikavuta, ikashusha. Nikasubiri. Ikavuta tena.

Naandika kwa mkono mmoja. Wa pili uko chini ya kichwa chake, na leo hakuna aliyeniambia niutoe.