Siku Paskazia Aliposombwa na Mto

Mjukuu wangu Editha,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Mugoma hatujambo, na mama yako ameshavuna maharage. Umeniuliza kama niliwahi kumwona mtu aliyezidiwa na baridi.

Nilimwona wifi yangu Paskazia, ujanani, aliposombwa na mto wakati wa mvua ya mawe. Tulimtoa amekakamaa, hata kutetemeka ameacha. Watu wakaanza kumlilia.

"Mvueni nguo zilizolowa, polepole," mama mkwe wangu akasema. "Msimsugue."

Nikamkumbatia kifua kwa kifua ndani ya blanketi kavu. Nikasikia moyo wake ukigonga, taratibu mno. Alipoanza kutetemeka, wanaume wakambeba kwa machela hadi hospitali. Akapona.

Tangu siku ile simlilii mtu kabla sijamgusa kifua.

Bibi yako,
Yustina