Chupa Nyeupe ya Komora

Jumatatu, 2 Juni
Wiki ya saba ya ndoa. Leo tena nimempaka Komora mafuta ya jua. Masikio, shingo, mikono mpaka vidoleni. Ikifika zamu ya uso anafumba macho na kuinua kidevu, kama mtoto anayeoshwa. Nampenda mpaka naona haya kuandika. Ngozi yake nyeupe, nyusi zake rangi ya mpunga uliokomaa. Waliosema nimeolewa na zeruzeru kwa kukosa mwingine, waje waone asubuhi yetu.

Bibi yake, aliyemlea, alipita na ungo. "Mke mwenzangu, unampaka mume wetu au unakandika nyumba?" Nusura niangushe chupa kwa kicheko.

Maji ya mto yameshuka. Wiki hii tunapanda mpunga.

Alhamisi, 5 Juni
Habone, rafiki yangu wa Garsen, amenitumia sauti kwenye simu. Mwanamke asiyejitaja. Anasema kemikali za mafuta ya jua hazikai juu ya ngozi. Zinapenya. Watu wamepimwa, zikakutwa damuni. Anasema mwanamume akizipaka kila siku hazai.

Nimesikiliza mara nne. Nyuma ya chupa kuna majina marefu, maandishi madogo. Kemia nilipata D.

Mwezi huu pia nimeona siku zangu.

Ijumaa, 6 Juni
Nimemdokezea Komora. Amesema anapaka tangu shule ya msingi, na wenzake wawili wasiopaka amewazika. Akaendelea kunoa panga.

Nimeumia. Yeye anataka kuishi. Mimi nataka aishi na mtoto wa kumwita baba. Tena mikono inayompaka ni yangu. Kama ni sumu, mimi ndiye ninayemlisha.

Jumapili, 8 Juni
Nimefanya. Baada ya ibada yeye alibaki na wanakwaya. Nimemwaga mafuta yote shimoni nyuma ya choo, nikaosha chupa, nikajaza losheni ya watoto. Nyeupe ileile. Kofia pana anayo, shati la mikono mirefu anavaa. Yatatosha.

Najisikia mwepesi. Mke mwenye akili hulinda nyumba yake kimyakimya.

Jumatano, 11 Juni
Juzi alinusa. "Mbona nanukia kama mtoto mchanga?" Nikamwambia wamebadilisha kiwanda. Akaamini. Akafumba macho.

Leo ameinama shambani kutwa, jua moja juu, jua jingine ndani ya maji. Amerudi na shingo nyekundu. Nimemfunika kitambaa cha maji baridi. Kesho nitamwambia asikunje mikono ya shati.

Jumamosi, 14 Juni
Malengelenge. Shingoni, chini ya macho, puani. Kofia haizuii mwanga unaopanda kutoka majini. Sikuliwaza hilo. Kidonda cha sikio la kushoto, kilichokuwa kimekauka tangu kabla ya harusi, kimefunguka tena.

Anasema jua la mwaka huu ni kali. Asubuhi aliniomba nizidishe mafuta.

Nikazidisha. Nilikuwa nimekaa mbele yake, uso kwa uso, na kinywa ninacho. Nikazidisha losheni ya watoto.

Jumanne, 17 Juni
Garsen, kliniki ya ngozi. Muuguzi aliuliza anapaka nini. Komora akatoa chupa mfukoni kwa fahari. "Mke wangu hunipaka kila asubuhi. Hajakosa hata siku moja."

Muuguzi akaminya kidogo kiganjani, akanusa. "Hii ni ya watoto, ndugu yangu. Haizuii jua."

Komora akanitazama. Nikasema yote palepale.

Muuguzi hakunikemea. Afadhali angenikemea. Alisema ni kweli baadhi ya kemikali hizo hupenya ngozi, kiasi kidogo hukutwa damuni, na watafiti bado wanazichunguza. Lakini kukutwa damuni si sawa na kudhuru. Na hilo la kutozaa hakuna aliyelithibitisha. "Jua ndilo halina swali tena, mama. Kwa ngozi hii linaua." Akaongeza kwamba kama nina hofu ningeuliza tu. Yako mafuta ya zinki, hayo hukaa juu ya ngozi, karibu hayapenyi kabisa. Akageuka akachukua chupa kwenye rafu.

Ilikuwa pale. Tumeingia chumba kile mara ngapi, na ilikuwa pale.

Amekata kipande cha kidonda cha sikio kikapimwe. Njia nzima ya kurudi kijijini kwetu Wema, Komora alitazama nje.

Ijumaa, 20 Juni
Hanitukani. Hanigombezi. Anajipaka mwenyewe kwenye kipande cha kioo, na nyuma ya shingo anapakwa na Bibi. Mimi nasimama na taulo.

Bibi leo ameniita kwa jina langu. Hajawahi. Nililijua jina hilo maisha yangu yote na leo lilinichoma.

Habone ameuliza kama tumeshapata habari njema. Nimefuta ujumbe. Nilitaka nimchukie yeye na yule mwanamke wa simuni. Siwezi. Wao walisema tu. Aliyemwaga ni mimi, na Komora alipouliza nikamdanganya. Sikumwamini yeye, ambaye ngozi ni yake. Nikaamini sauti isiyo na jina.

Jumamosi, 5 Julai
Malengelenge yamekauka, yameacha madoa. Majibu bado. Tunakula sahani moja bila kugusana vidole. Mpunga wetu umeshika. Nauona mzuri na nauchukia.

Ijumaa, 25 Julai
Majibu yametoka. Si saratani, bado. Muuguzi alilisema hilo "bado" polepole. Watakikata kidonda chote mwezi ujao. Alisema kidonda hakikuanzia kwangu. Hakusema kwamba sikukichokonoa.

Jumatatu, 28 Julai
Bibi ameenda Idsowe kwa wanawe. Asubuhi Komora alikaa kwenye kigoda alichokuwa akikalia nilipokuwa nikimpaka. Alifungua chupa ya zinki, akainusa, akapaka kidogo mgongoni mwa mkono wake, akatazama. Kisha akanipa.

Nikampaka. Masikio, lile la kushoto kwa ncha ya kidole. Shingo. Mikono. Ikafika zamu ya uso, akainua kidevu.

Hakufumba macho. Alinitazama mpaka nikamaliza.