Baraka Iliyonizuia Kupanda Ndege

Mpendwa Mshauri, nisaidie, maana leo ni siku ya tatu sijasemezana na mume wangu, na nikifungua mdomo ninaogopa kitakachotoka. Mimi ni mama wa miaka sitini na miwili, nilifundisha hesabu katika shule ya msingi mpaka nikastaafu, na tunakaa hapa Majimbo, mjini Embu. Binti yetu Nelius ni muuguzi huko Kanada na anatarajia kujifungua tarehe ishirini na nane mwezi huu wa Oktoba. Mwaka jana alimpoteza mtoto wake wa kwanza akiwa peke yake hospitalini, mumewe amezuiwa mlangoni kwa sababu ya korona, na mimi nikiwa huku ninalia kwenye simu. Safari hii alisema, "Mama, nikuone wewe tu chumbani, hayo mengine nitayaweza." Nikamwahidi.

Basi nilijiandaa kama mtu anayeandaa darasa la mtihani. Visa nikapata, chanjo zote mbili nikadungwa, cheti cha chanjo nikakichapisha nakala tatu, fomu zao za kwenye simu nikazijaza, na kwa kuwa kipimo cha korona ni lazima kichukuliwe ndani ya saa sabini na mbili kabla ya ndege kuondoka, na saa hizo huhesabiwa tangu pua ichokonolewe wala si tangu upewe majibu, nikapanga kipimo Jumanne alasiri tarehe tano na ndege Alhamisi tarehe saba. Wiki tatu kabla ya hapo nikajifungia. Kanisani siendi, sokoni siendi, hata sarafu za chenji ninaziosha kwa sabuni, na majirani wananicheka wakiniita mtawa.

Jumapili ya tarehe ishirini na sita Septemba mume wangu Gichovi akaniambia nivae nguo nzuri, kuna mgeni. Mshauri, mgeni huyo alikuwa watu zaidi ya arobaini! Ukoo mzima na akina mama wa kanisa, na masufuria ya chapati, wamekuja kuniombea safari. Nikasimama mlangoni nikawaomba tufanyie maombi nje. Wifi yangu Rwamba akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Wifi, wewe umesoma sana, lakini korona si mbwa wa kunusa watu wa Mungu." Wakacheka, wakaingia, madirisha wakafunga kwa sababu ya baridi.

Halafu akasimamishwa Mzee Gachoki, baba mdogo wa mume wangu, ana karibu miaka tisini, ametolewa Runyenjes siku hiyo akikohoa njia nzima. Akanishika mikono, akasema, "Nenda, njia ikufungukie, ukampokee mtoto salama," kisha akanitemea mate kidogo katika viganja, kama wazee wetu wanavyombariki mtu anayekwenda mbali. Nikamwangalia mume wangu. Akaniangalia kwa jicho lile la kusema usiniaibishe. Na wewe unajua, Mshauri, kwetu kukataa baraka ya mzee ni kuomba laana, basi mimi niliyekuwa ninaosha sarafu nikajipaka mate hayo usoni nikasema asante.

Jumanne nikapimwa, Jumatano tarehe sita majibu yakatoka, ninayo korona. Alhamisi nikavaa barakoa mbili nikakimbia mjini kwa wakala wa tiketi, nikamwomba abadilishe siku, akasema nirudi nikiwa na majibu mapya. Ndege ikaondoka bila mimi. Nilipofika nyumbani Gichovi akaniambia, "Ulipokea baraka ukiwa umenuna, ulitarajia nini?" Rwamba ananitumia ujumbe kwamba Mungu hakosei, labda ndege ingeanguka. Shemeji yangu Njagi, mwenye duka la kompyuta karibu na stendi, alinipigia akasema, "Shemeji, unalia nini? Karatasi ya kusema huna ni kazi ya dakika kumi, tunabadilisha neno moja tu." Na kinachonitisha ni kwamba tangu jana ninalifikiria jambo hilo, mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa kunakili.

Nelius nimemdanganya kuwa ndege imeahirishwa. Karatasi ya majibu nimeikunja nikaitupa kwenye kapu la kuni iwashe moto. Niambie, nimkubalie Njagi? Na mume huyu nimfanye nini? Majina usiyafiche, wote husikiliza redio, waache wasikie.

Mimi Mwalimu, Majimbo.

Mzee Gitobu, Mshauri wa redioni, anajibu:

Mwalimu, usiketi. Iache redio ikiwaka, nenda kwenye kapu la kuni uitoe karatasi hiyo kabla mtu hajainjika chai. Inyooshe, iweke ndani ya Biblia. Nitakueleza sababu, lakini kwanza nikugombeze.

Jumatano ulijua una korona. Alhamisi ulikuwa mjini. Barakoa mbili si ruhusa. Kwa huyo wakala kuna wafanyakazi, nao wana mama zao nyumbani. Umemkasirikia Rwamba kwa kukuingilia na watu arobaini, nawe ukaenda kuwaingilia wengine, na simu unayo mkononi.

Halafu karatasi ya Njagi. Majibu ya kipimo hayakai kwenye karatasi tu. Yanakaa kwenye mashine, na kile kimraba chenye vidoadoa pembeni ndicho afisa wa uwanja wa ndege anachokisoma kwa simu. Angekuta jina lako na neno lile ambalo Njagi hakuweza kulibadilisha, na ungefungiwa mlango wa nchi ile miaka mingi, pengine usimwone mjukuu mpaka aanze shule. Lakini tuseme usingeshikwa. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi yako. Ungeingia chumbani mwa Nelius ukiwa umembebea kitu kile kile kilichomfungia mumewe mlangoni mwaka jana. Ulifikiria hilo? Njagi, najua unanisikiliza. Chapisha barua za kuomba kazi na picha za pasipoti. Mambo ya vyeti vya hospitali, koma.

Sasa nikueleze kuhusu karatasi yako. Ukishapura maharagwe, maganda hubaki uwanjani siku nyingi, na anayepita anaweza kufikiri maharagwe bado yapo. Korona nayo iko hivyo. Mtu hupona, lakini mabaki yake hukaa puani wiki kadhaa, na kipimo kikayaona. Kwa sababu hiyo, katika masharti ya Kanada niliyoyasoma wiki hii, aliyepona anaweza kuonyesha majibu ya kwamba aliwahi kuwa nayo, mradi zipite siku kumi na nne tangu achukuliwe kipimo na zisizidi mia na themanini. Karatasi wanayoitaka ndiyo hiyo uliyotaka kuwashia moto.

Wewe ni mwalimu wa hesabu. Tano jumlisha kumi na nne. Ni tarehe kumi na tisa, na mtoto anangojewa ishirini na nane. Siku tisa! Hasira imekushinda mpaka hesabu ya darasa la pili.

Kwa hiyo leo, kwa simu, mwambie wakala akutafutie nafasi tarehe ishirini au ishirini na moja. Waandikie shirika la ndege na ubalozi wakuthibitishie kwa maandishi, maana masharti haya hubadilika kila mwezi, na uulize pia ile nchi utakayobadilishia ndege inataka nini. Kule ulikopimwa wakutumie nakala safi yenye tarehe na jina kama lilivyo katika pasipoti. Kaa chumbani kwako, chakula kiachwe mlangoni. Kifua kikibana, nenda hospitalini hapo hapo. Na kama tarehe ishirini bado unaumwa, hutapanda ndege, hata ukiwa na karatasi kumi.

Gichovi, mzee mwenzangu, ulitaka mkeo aondoke kwa heshima, na hilo halina ubaya. Lakini alisimama mlangoni akaomba, na ukashindwa kuwaambia watu arobaini wakae nje. Mwanamume aliyeshindwa na neno hilo moja asimfundishe mwingine namna ya kupokea baraka. Hata sisi huku kwetu Kianjai wazee hutubariki vivyo hivyo, na kwa mzee wa umri ule hata mimi ningenyoosha mikono. Wewe ndiye uliyepaswa kumweleza Mzee Gachoki kabla hajasimama. Angekuelewa, na baraka yake ingemfikia mama huyu hata kutoka upande wa pili wa chumba.

Na kuna jambo limeninyima utulivu tangu niisome barua hii. Mwalimu anailaani safari iliyopotea, Gichovi anatetea heshima yake, Rwamba anaihubiria simu, Njagi anauza uongo. Kuna mzee wa karibu miaka tisini aliyetolewa kwake akikohoa, akazungushwa kati ya watu arobaini, akarudishwa, na hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kikohozi hicho kimefika wapi! Hamjui kama yeye ndiye aliyewapa au ninyi ndio mliompa. Gichovi, mtafutie gari afikishwe hospitalini asubuhi hii. Wewe mwenyewe kapimwe, umekuwa nyumba moja na mgonjwa. Rwamba, una namba za wote waliokula chapati zile. Wapigie mmoja mmoja uwaambie waende wakapimwe, na mahubiri uyaweke kando.

Mwalimu, mume wako mwambie ulichoniambia mimi, kwa maneno hayo hayo, mlango ukiwa kati yenu. Kisha mpigie Nelius kabla hakujachwa. Mwambie, "Sikuja kwa sababu ninaumwa. Nitakuja nikiwa mzima." Ni muuguzi, ataelewa kuliko sisi sote.

Siku ya safari ikifika, Gichovi akusindikize mpaka mlango wa uwanja wa ndege akubebee sanduku. Wewe na yeye tu. Wengine waombe makwao.